Biashara ya kupoteza wateja

Ukitaka kujua kijana wa Mwanza anaishika kompyuta wapi kwa mara ya kwanza, usianzie shuleni. Anzia steshenari. Ni ile fremu yenye mashine ya kutoa kopi karibu na mlango, picha za pasipoti za watu usiowajua zimepangwa chini ya kioo cha meza, na ukutani karatasi yenye herufi kubwa: TUNAJAZA MAOMBI YA MKOPO, AJIRA, TIN, NIDA. Igoma zipo, Buzuruga zipo, Nyegezi zimeizunguka stendi, na ukivuka maji hadi Nansio unazikuta. Popote palipo na umeme na ofisi ya serikali, steshenari haichelewi kufunguliwa.

Karibu kila kitu ambacho kijana anakihitaji kutoka serikalini kimehamia mtandaoni. Mkopo wa elimu ya juu unaombwa mtandaoni, na kabla yake cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mtandaoni vilevile. Kazi za serikali zinapita kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kikundi cha vijana kinachotaka zabuni ndogo ya halmashauri kinajisajili NeST, mfumo wa manunuzi ya umma ulioanza kutumika 2023. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uanze Mei 2019, hata kumiliki namba ya simu kunaanzia kwenye namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Mingi ya mifumo hii inakuuliza mlangoni baruapepe yako ni ipi na paswedi yako ni ipi. Kijana aliyemaliza kidato cha sita huko Kwimba mara nyingi hana jibu. Mwenye steshenari analo.

Analo kwenye kauntabuku lililo chini ya meza. Humo kuna jina la mteja, baruapepe aliyofunguliwa, na paswedi, ambayo kwa kawaida ni jina lake hilohilo likifuatiwa na 123. Mteja hakuitunga na pengine hakuwahi kuiona. Akitaka kujua kama mkopo wake umepita, anarudi. Akitaka kurekebisha kosa la herufi kwenye jina la mama yake, anarudi. Akirudi analipa. Sisemi kwamba wenye steshenari ni matapeli. Wengi wao ni vijana wanaojitafutia riziki na wanafanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa tayari kuifanya. Lakini fremu hufungwa, watu huhama, daftari hupotea, na laini iliyotumika kufungua ile baruapepe huwa ni ya mtu aliyekwisha kwenda kutafuta maisha Geita. Hapo ndipo unamkuta mtu mzima ana shahada na hawezi kuingia kwenye akaunti yenye jina lake.

Mdogo wangu alilijua daftari hilo kwa sababu alikuwa akiliandika. Alipomaliza stashahada alifanya kazi kwenye steshenari ya mtu, baadaye akafungua ya kwake Igoma kwa kompyuta za mtumba, printa moja yenye kikohozi, na mkopo ambao mama alimchukulia kwenye kikoba chao. Mimi ni mhasibu. Mchana nahesabu fedha za watu wengine, jioni nahesabu za mdogo wangu, bure, kwa sababu mama alisema. Nina tabia moja ya kazi yetu: sipendi kusikia ndoto kabla sijaona risiti.

Ndoto yake ilikuja na utaratibu mmoja wa ajabu. Mteja akija kufunguliwa baruapepe, anakaa yeye kwenye kiti. Yeye ndiye anabonyeza. Mdogo wangu anasimama nyuma yake, mikono mgongoni, anaelekeza kwa mdomo tu. Bei ni ileile, muda ni mara mbili au zaidi. Mara ya kwanza nilipokaa pale nikishuhudia, kijana mmoja wa bodaboda aligeuka akamwambia, "Dada, nimekulipa unifanyie. Sasa mbona unanifanyisha kazi?" Akamjibu, "Umenilipa usirudi tena kwa jambo hili." Yule kijana alicheka, akaendelea kutafuta herufi ya ng kwenye kibodi, ambayo kama mnavyojua haipo.

Usiku ule nilimwambia amebuni biashara ya kupoteza wateja. Alisema ndiyo, na akaniomba nimtazamie vitabu vyake vya mwaka mzima, siyo vya mwezi.

Basi nikatazama. Pato la steshenari si la kila siku, linakwenda kwa misimu. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na kuanzia hapo mpaka dirisha la mikopo na udahili lifungwe hamna hata pa kusimama. Januari kuna kishindo kingine, cha matokeo ya kidato cha nne. Katikati kuna wiki nzima nzima ambazo kazi ni kopi za kitambulisho na mtihani wa shule fulani ya msingi. Kompyuta zinakaa zimewashwa, LUKU inakwenda, na mwenye fremu anadai kodi ya miezi 6 mbele bila kuuliza msimu. Kila steshenari ya mkoa huu iko hivyo. Na Mwanza, kwa Sensa ya 2022, ni mkoa wa watu zaidi ya milioni 3.6. Kwa hiyo kuna mamia ya kompyuta, tayari zimenunuliwa, tayari zina umeme na meza na mtu anayezijua, zimelala sehemu kubwa ya mwaka hatua chache kutoka kwa kijana anayeambiwa kwamba vifaa vya kujifunzia havipo.

Hilo ndilo aliloliona mdogo wangu, na nakiri lina akili zaidi ya mipango mingi niliyoisoma kwenye makaratasi yenye rangi. Hakutaka kujenga kituo. Alitaka saa zilizolala.

Darasa la kwanza lilikuwa palepale Igoma, mchana, wateja wakiwa wachache. Ada hailipwi kwa mwezi. Unalipa kipindi unapoingia, kwa sababu kijana anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kulipia mwezi hata kama fedha ikijumlishwa ni ileile. Waalimu wengine wa kompyuta mtaani walimcheka kwa mambo mawili. La kwanza ni hilo la ada. La pili ni kwamba alikataa kuanza na somo wanaloanza nalo wote: hii ni monita, hii ni kibodi, kompyuta iligunduliwa na nani, sasa andika barua ya kuomba likizo. Nimewaona watu waliokaa miezi 3 kwenye madarasa hayo wakatoka wanajua majina ya sehemu za mashine kama wanaokwenda kuziuza spea.

Yeye anaanza na paswedi. Namna ya kuitunga isiyo jina lako wala mwaka wako wa kuzaliwa. Namna ya kuirudisha ikipotea, na kwa nini namba ya simu unayoiweka lazima iwe yako, siyo ya shemeji. Uthibitisho wa hatua mbili. Kisha namna ya kupiga picha cheti kwa simu kikaonekana vizuri, kukigeuza faili la PDF, na kulipunguza ukubwa mpaka mfumo ulikubali, jambo dogo ambalo limewakwamisha waombaji wengi kuliko hata vigezo vyenyewe. Ukifika hapo umeshakuwa mtu wa kujitegemea mbele ya skrini, na bado hujagusa kitu ambacho mfadhili angekiita teknolojia.

Baada ya hapo jedwali. Hapa nilikuwa na furaha yangu binafsi, maana kijana anayejua kujumlisha safu kwa Excel ni kijana ninayeweza kuzungumza naye.

Yaliyofuata Ukerewe ndiyo yaliyonifanya niandike haya yote. Ukerewe si kisiwa kimoja, ni zaidi ya visiwa 30, na maisha ya vijana wengi kule ni dagaa. Kati ya wanafunzi wa Igoma kulikuwa na binti ambaye mjomba wake ana mitumbwi, na ndiye aliyesema mwalo wao, pale mitumbwi inaposhusha samaki, una vijana wengi na hauna chochote cha kujifunza. Mdogo wangu akaongea na mwenye steshenari mmoja wa Nansio, wakapanga darasa la Jumatatu hadi Ijumaa, jioni. Wiki ya kwanza walijaa. Wiki ya pili walikuja wachache. Wiki ya tatu darasa lilikuwa na mwalimu, mbu na mwanafunzi mmoja ambaye baadaye iligundulika alikuwa amekuja kuchaji simu.

Mtu wa pwani ya ziwa angecheka mapema. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wanaufuata mwanga, wanakusanyika, wavu unapita chini yao. Kazi hiyo inataka giza. Mwezi ukiwa mpevu, taa yako haina kazi, ziwa zima lina mwanga, dagaa wametawanyika. Basi wakati wa mbalamwezi mitumbwi inapandishwa mchangani, vijana wanapumzika, na fedha ya giza lililopita bado iko mfukoni. Siku hizo mwaloni kuna bao, kuna meza ya pool, kuna bia, na kuna kibanda cha kubeti ambacho hakijawahi kukosea ratiba yao. Wenye kubeti walielewa kalenda ya wavuvi kabla ya waelimishaji.

Darasa la Nansio sasa linafuata mwezi. Wakati wa giza kuna vipindi vichache, vya wasichana na wanafunzi wa sekondari. Mbalamwezi ikiingia, vipindi ni kutwa, asubuhi mpaka usiku. Wasichana wenyewe walihitaji marekebisho ya peke yao: jioni ni saa za kupika na za kuanua dagaa kwenye chanja, kwa hiyo jioni walikuja wavulana watupu. Kipindi kikahamia saa nne asubuhi, wakaja. Hakukuwa na haja ya kampeni.

Na tusifikirie kwamba wale wavuvi walikuja hawajui kitu. Zamani taa zao zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Leo wengi wanatumia taa za umeme zinazoendeshwa kwa betri, na betri zinachajiwa kwa sola. Kijana ambaye hajamaliza darasa la saba atakueleza volti na ampea, atakueleza kwa nini betri imekufa mapema, atafungua kifaa cha kuchajia na kukirudishia. Mdogo wangu aliwaambia waziwazi kwamba ufundi tayari wanao, kilichobaki ni kuuandika. Somo lao la jedwali likawa mtumbwi wenyewe: mafuta ya injini, chakula, marekebisho ya wavu, kuchaji betri, ndoo zilizopatikana, bei, kisha mgawo. Kwenye mialo tajiri, yaani mwenye mitumbwi, huondoa gharama kwanza, kinachobaki ndicho kinachogawanywa kati yake na wavuvi. Kila mtu anajua hivyo. Ambacho si kila mtu alikuwa anakijua ni gharama zenyewe ni kiasi gani, kwa sababu zilikuwa zikitajwa kwa mdomo.

Kijana mmoja alijaza giza zima kwenye jedwali lake kisha akaenda kuuliza swali kuhusu mafuta.

Siku mbili baadaye tajiri akaingia darasani. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kukagua stakabadhi. Mdogo wangu akasimama, "Shikamoo, mzee." Akaitikia marahaba, akakaa bila kukaribishwa, akatazama zile kompyuta moja moja.

"Mwalimu, mmewafundisha nini hawa watoto?"

"Kujumlisha, mzee."

"Kujumlisha walikuwa wanajua."

"Na kutoa."

Mzee alinyamaza. Kisha akaomba aonyeshwe. Alikaa karibu saa nzima akimhoji mdogo wangu juu ya kila safu, na kwa macho yangu ya kihasibu nilimwona mtu ambaye hakuwa mwizi. Alikuwa mtu anayekadiria kila kitu kichwani, na makadirio ya kichwani huwa yana tabia ya kumpendelea anayekadiria. Alichofanya baadaye hakikuwa kizuri chote wala kibaya chote. Alimleta binti yake ajifunze, akamlipia vipindi vingi kwa pamoja, na leo ndiye anayeandika hesabu za mitumbwi. Yule kijana aliyeuliza swali hakupata nafasi tena kwenye mtumbwi wake. Yuko kwa tajiri mwingine, mwalo mwingine. Nimeshamsikia mtu akisimulia kisa hiki kwenye mkutano kama ushindi wa elimu ya kidijitali, akaishia kwenye binti. Hakumtaja kijana.

Tulibishana sana, mimi na mdogo wangu, kuhusu kuandika programu. Kwa watoto wa kidato cha kwanza na cha pili alikuwa ameleta Scratch, ile programu ya bure iliyotoka MIT 2007, ambayo mtoto anapanga vipande vya maagizo kama anajenga, paka anatembea, mpira unadunda. Inafanya kazi bila intaneti na unaweza kuitumia kwa Kiswahili. Wanaoendelea wanakwenda Python, lugha ya kuandika programu kwa maneno. Mimi niliona ni anasa. Watu wanataka kujaza fomu, tuwafundishe kujaza fomu.

"Kaka," akaniambia, "anayejua kujaza fomu tu atakuwa mteja wa fomu maisha yake yote. Hizo fomu zinatengenezwa na nani?"

Nilikuwa na jibu, na bado ninalo: wengi wanaoanza Python wanaishia pale maagizo ya kurudiarudia yanapoanza, na vitabu vyangu vinaonyesha hivyo, vipindi vinakatika ghafla. Lakini kuna vijana wawili hawakukatika. Walimtengenezea mama mmoja mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba programu ndogo ya kuandika magunia aliyotoa kwa mkopo, kwa nani, na lini alipwe. Haina sura ya kuvutia, rangi zake zinaumiza macho. Mama anaitumia kila siku, anawalipa kila mwezi, na amewaletea mchuuzi mwingine. Mwaloni ni soko ambalo dagaa na sangara wake wanafika hadi nchi jirani, na biashara yake kubwa inakwenda kwa kuaminiana na madaftari yaliyolowa. Kazi ipo pale ya kuwatosha vijana kadhaa kwa miaka. Kwa hiyo sasa sisemi ni anasa. Nasema iwe ya watakaoitaka, baada ya paswedi na jedwali, na siyo mwanzo wa tangazo kwa kuwa tu inapendeza kwenye picha.

Gharama iliyotutesa kuliko kodi ya pango ilikuwa bando. Darasa lenye watu 10 wanaotazama video za mafunzo linamaliza GB kabla ya mapumziko. Suluhisho lilikuwa sanduku dogo: kompyuta ya Raspberry Pi, ukubwa wa kiganja, imewekwa programu mbili za kusomea bila intaneti, Kiwix yenye Wikipedia nzima ya Kiswahili na sehemu ya ile ya Kiingereza, pamoja na Kolibri yenye masomo na mazoezi. Inatoa Wi-Fi yake yenyewe isiyo na intaneti nyuma yake. Mwanafunzi anaunganisha simu janja yake, anasoma, hakatwi hata shilingi. Masomo mapya yanasafiri kwa flashi kwenye meli.

Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Huku kwetu mtandao unafika kwa Mkongo wa Taifa, na mkongo nao unategemea nyaya za baharini kutoka nje, kwa hiyo baharini kukikatika, ziwani tunajua. Steshenari zilifunga. Darasa liliendelea, na watu waliokuja kuuliza kwa nini mtandao haupo walikuta wanafunzi wanasoma Wikipedia. Hilo lilikuwa tangazo bora kuliko yote tuliyowahi kulipia. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 nao ulitufundisha kwa ukali zaidi. Baada yake hatununui tena kompyuta za mezani, ni laptopu za mtumba zenye betri inayofika angalau saa mbili.

Kupanuka kwenyewe kunakwenda hivi. Mdogo wangu hafungui matawi. Anamwendea mwenye steshenari, anamwonyesha vitabu vyake mwenyewe, msimu na msimu, na anamwuliza kama vinafanana na vya kwake. Vinafanana daima. Anamfundisha yeye au kijana wake kufundisha, anamletea sanduku na masomo, na ada ya vipindi wanagawana. Sharti ni moja: kauntabuku linafungwa. Kila mteja aliyemo humo anapigiwa simu, anakuja, anabadilisha paswedi yake mwenyewe, jina linakatwa kwa kalamu nyekundu.

Sharti hilo limewakimbiza wengi. Mmoja wa Nyegezi alimwambia bila kupepesa, "Dada yangu, hilo daftari ndilo duka. Hizi mashine ni mapambo." Simlaumu, nimeona pato lake. Nilimshauri mdogo wangu alegeze, aanze na masomo, daftari lije baadaye. Alikataa, na katika jambo hili hakusikiliza hata mama. Msimamo wake ni kwamba huwezi kumfundisha mtu kujitegemea kwenye chumba ambacho siri zake zimo kwenye droo ya mwalimu. Waliokubali ni wachache kuliko tulivyotarajia, na karibu wote ni wale ambao steshenari yao ilikuwa inaelekea kufa. Wenye maduka yanayokwenda vizuri hawana haja na sisi. Kwa hiyo elimu yetu inasambaa kupitia fremu zilizochoka, jambo lenye hatari zake, maana fremu iliyochoka inaweza kufungwa kesho pamoja na darasa.

Hatukuwa wa kwanza kufikiria haya. Dar es Salaam, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls 2013 kufundisha wasichana kuandika programu, na Faraja Nyalandu alianzisha Shule Direct mwaka huohuo, masomo ya sekondari kwa simu na kompyuta. Kisumu, ng'ambo ya ziwa letu hilihili, vijana wana LakeHub, kituo chao cha teknolojia na ubunifu. Mdogo wangu amejifunza kutoka kwa hao wote kwa kusoma tu. Alichoongeza yeye ni steshenari na mwezi.

Wafadhili wamekuja pia. Shirika moja lilitaka kutupatia kompyuta mpya, bango, na ripoti kila robo mwaka ya vijana waliofikiwa. Nikamkumbusha mdogo wangu habari ya Peru, ambako serikali iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na utafiti uliotolewa 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika haukuona tofauti katika hisabati wala lugha. Mashine zilifika, mafunzo ya waalimu hayakutosha. Akawajibu kwa barua ya heshima kwamba kompyuta tunazo, zimelala. Kama wanapenda, walipe posho ya waalimu katika miezi isiyo na msimu, na wanunue betri. Barua yao ya majibu bado haijaja. Posho haipigwi picha.

Wazazi nao wana swali lao, na ni lilelile kila mahali: cheti kiko wapi? Ili kituo kitoe cheti kinachotambulika ni lazima kisajiliwe NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi, na kwa usajili huo unahitaji majengo na watu ambao steshenari haina. Anayetaka cheti tunamwelekeza chuo cha ufundi cha VETA, Nyakato, bila kinyongo. Lakini sipendi kulipuuza swali hili kama wanavyolipuuza watu wenye vyeti. Mama anayekausha dagaa anajua kwamba mwanawe akifika mbele ya mwajiri, mwajiri atauliza karatasi. Kazi za jedwali zilizo kwenye flashi hazijawahi kumwingiza mtu kwenye usaili. Mdogo wangu anaamini zitaweza siku moja. Mimi namwandalia makadirio ya gharama za usajili, nayo yanatisha.

Tangu Juni 2025 kuna Daraja la J.P. Magufuli kutoka Kigongo hadi Busisi, kilomita 3 juu ya maji, na Sengerema imekuwa safari ya kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, bila foleni ya kivuko. Steshenari mbili za kule zimekubali kufunga madaftari. Hizo kwenye vitabu zinasimama zenyewe, sina neno nazo. Neno ninalo na Kome, kisiwa cha Buchosa, ambako bado ni kivuko kutoka Nyakaliro, na ambako amepata mwenye duka mwenye kompyuta moja, printa iliyokufa na hamu kubwa. Nimemwonyesha kwa namba kwamba Kome haiwezi kurudisha hata nauli kabla ya msimu wa Julai. Amezitazama namba, amezisifu kwa unadhifu, na amekwisha kuuliza mbalamwezi ijayo inaingia lini. Nauli ya kivuko nimeiandika chini ya matangazo, kwa sababu safu ya ukaidi haipo kwenye vitabu vyetu.